Zimwi la Tokyo, urani ya Katanga

Alfajiri ya Machi 1, 1954, wavuvi 23 wa Kijapani walikuwa wameshatega mishipi yao ya jodari katikati ya Pasifiki, pale anga la magharibi lilipowaka ghafla. Jua halichomozi magharibi, na kila aliyekuwa kwenye sitaha alilijua hilo. Dakika chache baadaye ngurumo iliifikia meli yao, Daigo Fukuryu Maru. Saa mbili tatu mbele yakaanza kudondoka majivu meupe. Yalikuwa matumbawe ya kisiwa cha Bikini, yaliyosagwa na kurushwa angani na bomu la haidrojeni la Marekani. Wavuvi waliendelea kuvuta mishipi huku majivu yakiwaingia machoni, masikioni na ndani ya kola za mashati. Baadaye wakaanza kutapika, ngozi zikababuka, nywele zikanyonyoka.

Meli hiyo haikuwa ndani ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Tatizo ni kwamba bomu liliwashinda hata waliolitengeneza. Walitarajia nguvu ya takriban megatani 6, likatoa 15. Sehemu kubwa ya lithiamu iliyokuwemo ndani yake ilikuwa ya aina ambayo wanasayansi waliamini haingechangia chochote katika mlipuko. Ikachangia.

Meli iliporudi bandari ya Yaizu, Machi 14, samaki wake walipelekwa sokoni kabla mtu yeyote hajawapima. Siku mbili baadaye gazeti la Yomiuri likaitoa habari, na taifa lililolelewa na bahari likaanza kumwogopa samaki. Maafisa walipita masokoni na vipima mionzi, jodari wakazikwa ardhini. Mwendesha redio wa meli, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba 23 akiwa na miaka 40. Wiki sita baada ya kifo chake, Novemba 3, 1954, kampuni ya Toho ikaanza kuonesha kote Japani filamu ya Gojira, ambayo dunia inaijua kwa jina la Godzilla.

Wengi wetu tumemjua Godzilla kama dubwana la kuchekesha watoto, la kupigana ngumi na madubwana wenzake. Filamu ile ya kwanza, nyeusi na nyeupe, ni kitu kingine kabisa. Inaanza na mabaharia wanaopumzika kwenye sitaha. Bahari inawaka, meli inateketea. Mtazamaji wa Tokyo mwaka ule hakuhitaji kuelezwa kilichokuwa kikizungumzwa. Muongozaji, Ishiro Honda, alikuwa amepita Hiroshima akirudi kutoka vitani China, na aliyoyaona huko yamo ndani ya kila picha ya mji unaoungua. Hata mlio wa zimwi lenyewe si sauti ya mnyama yeyote. Mtunzi wa muziki, Akira Ifukube, alitumia glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari, ikaburuzwa juu ya nyuzi za zeze kubwa la besi, kisha sauti ikapunguzwa kasi. Ukiusikia vizuri, ni mlio wa kitu kinachoumia.

Lakini mimi nadhani kitovu cha filamu ile kiko mbali na zimwi. Kiko bungeni. Mtaalamu Yamane, anayeigizwa na Takashi Shimura, amewaeleza wabunge kwamba mnyama huyu ametibuliwa na majaribio ya mabomu na kwamba mchanga wa nyayo zake una mionzi. Mbunge mmoja mwanamume anasimama na kuomba taarifa hiyo isitangazwe: uhusiano na mataifa ya nje utavurugika, uchumi utayumba, wananchi watapata taharuki. Wabunge wanawake wanainuka wakipaza sauti kwamba ukweli lazima utangazwe. Ukumbi unalipuka kwa kelele. Hakuna jengo linaloanguka pale, hakuna moto, lakini ndipo suala lote lilipo: nani ana haki ya kujua hatari, na nani amempa mwingine mamlaka ya kumficha.

Ilipopelekwa Marekani mwaka 1956, filamu hiyo ilikatwakatwa, akaingizwa mwigizaji Raymond Burr kama mwandishi wa habari Mmarekani, na sehemu kubwa ya mazungumzo juu ya mabomu ya nyuklia ikaondolewa. Likabaki zimwi. Kwa miaka mingi nakala hiyo ndiyo iliyozunguka nje ya Japani, na kwa maoni yangu ilitunyima kilicho bora.

Wasomi waliifikia hoja ya wabunge wale wanawake baada ya miongo mitatu. Mwaka 1986 mwanasosholojia wa Ujerumani, Ulrich Beck, alichapisha kitabu kilichoipa jamii ya leo jina la jamii ya hatari. Kitabu kilikuwa tayari pale kinu cha Chernobyl kilipolipuka Aprili 26 mwaka huohuo, naye akawahi kuongeza maneno ya utangulizi kuhusu ajali hiyo. Hoja yake ni nzito. Babu zetu waliogopa njaa, simba na mafuriko, vitu vinavyoonekana. Hatari za sasa zinatoka katika viwanda vilevile vinavyotuletea utajiri, hazionekani wala hazinuki, na ili uzijue lazima umtegemee mtu mwenye kipimo. Kwa hiyo mwenye kipimo anakuwa na mamlaka makubwa juu ya maisha ya wengine.

Beck alisema pia kwamba hatari za aina hii humfikia hatimaye hata tajiri. Hapo simkubali moja kwa moja. Majivu ya Bikini yaliwaangukia pia watu wa kisiwa cha Rongelap, na watoto wakayachezea. Waliondolewa baada ya siku mbili, wakarudishwa mwaka 1957 kwa kuambiwa kuwa kisiwa ni salama, na mwaka 1985, kwa kuiogopa ardhi yao wenyewe, wakahamishwa kwa meli ya Greenpeace waliyoiomba wao. Mionzi ya bomu lile ilisambaa mbali, ni kweli, lakini haikugawanywa sawa. Na hata katika filamu ya Honda watu wa Rongelap hawaonekani.

Mwingereza Brian Wynne naye alifanya jambo ambalo wasomi wengi hawana subira nalo: aliwasikiliza wafugaji wa kondoo. Mvua iliyonyesha baada ya Chernobyl ilidondosha sizimu, elementi yenye mionzi, kwenye vilima vya Cumbria, kaskazini mwa Uingereza. Juni 1986 serikali ikazuia kondoo wa huko kuuzwa, ikiahidi kuwa zuio litakwisha baada ya wiki tatu hivi. Wataalamu walikuwa wamefanya hesabu zao kwa udongo wa mfinyanzi, ambao huing'ang'ania sizimu isipande kwenye majani. Vilima vya Cumbria vina udongo wa mboji wenye asidi, na humo sizimu iliendelea kupanda kwenye nyasi mwaka hadi mwaka. Wafugaji waliijua ardhi yao na tabia za mifugo yao, ila hakuna aliyewauliza. Walishauriwa wawaweke kondoo mabondeni, ilhali kila mfugaji alijua nyasi za bondeni ni chache na zinahitajika kwa majira mengine. Zuio la mwisho liliondolewa mwaka 2012, baada ya miaka 26.

Anachoonesha Wynne ni kwamba wafugaji hawakuacha kuwaamini wataalamu kwa sababu ya ujinga. Waliacha kwa sababu wataalamu walizungumza kwa uhakika wasiokuwa nao, wakabadilisha kauli, wasikiri kwamba wamebadilisha. Tumezoea kusikia maafisa wakilalamika kwamba wananchi wana hofu zisizo na msingi. Mara nyingi hofu hiyo ina msingi mzuri sana: watu wanakumbuka waliyoambiwa mara ya kwanza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na taasisi inayoficha vipimo vyake huumbuliwa vivyo hivyo.

Machi 11, 2011, tetemeko na tsunami viliuharibu mtambo wa Fukushima Daiichi. Serikali ya Japani ilikuwa na mfumo wa kompyuta wa kukadiria mionzi itapeperushwa upande gani. Makadirio hayo hayakuwafikia wakazi wa mji wa Namie, nao wakakimbilia Tsushima, kaskazini magharibi mwa mtambo, kulekule upepo ulikokuwa ukiipeleka mionzi. Walipika na kulala huko wakidhani wamesalimika. Mwaka 2012 tume huru iliyoundwa na Bunge la Japani, ikiongozwa na Kiyoshi Kurokawa, iliandika wazi kwamba janga lile lilisababishwa na binadamu. Bunge halisi lilikuwa limefika mahali ambapo bunge la filamu lilikuwa limesimama mwaka 1954.

Na Godzilla akarudi. Shin Godzilla ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Hideaki Anno, ni filamu ya zimwi ambayo sehemu kubwa yake ni vikao. Mawaziri wanahama chumba kimoja kwenda kingine, wanasubiri sahihi, wanabishana nani mwenye dhamana, huku mji unabomolewa. Anayewaokoa si jemadari. Ni kundi la wataalamu wakaidi kutoka idara mbalimbali, wanaoruhusiwa kwa mara ya kwanza kusema wanachofikiri bila kujali vyeo. Wanaligandisha zimwi kwa dawa inayomwagwa kinywani mwake kwa magari ya kusukumia zege, na Mjapani aliyetazama alikumbuka mara moja kwamba magari ya aina hiyo ndiyo yaliyomwaga maji juu ya mtambo wa Fukushima. Filamu inaisha zimwi likiwa limesimama palepale, limeganda katikati ya Tokyo. Watu watalazimika kuishi nalo.

Sasa kwetu. Sehemu kubwa ya urani iliyoingia katika bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga, katika nchi ya watu wanaozungumza Kiswahili. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani hadi New York, kabla hata jeshi la Marekani halijajua kuwa litayahitaji. Katika simulizi la Godzilla, mwanzo wa kamba uko mikononi mwa mchimbaji wa Katanga, na sijui filamu iliyowahi kumfanya mhusika mkuu akajulikana duniani.

Kitabu kipo walau kwa ajili ya wenzake. Mwanahistoria Gabrielle Hecht alichapisha mwaka 2012 utafiti mkubwa juu ya migodi ya urani ya Gabon, Niger, Madagascar, Namibia na Afrika Kusini. Anauliza swali linaloonekana jepesi: ni lini mahali huhesabiwa kuwa pa nyuklia? Anaonesha kuwa jibu limekuwa likipangwa na wenye nguvu. Kinu cha umeme Ufaransa ni cha nyuklia, kwa hiyo mfanyakazi wake hupimwa na kulindwa. Mgodi wa Gabon uliokilisha kinu hichohicho ulihesabiwa kuwa mgodi tu, na mchimbaji aliyevuta gesi ya radoni chini ya ardhi akahesabiwa kuwa mchimbaji tu. Pale vipimo vilipochukuliwa, mara nyingi aliyepimwa hakujua maana yake. Sijakutana na tafsiri ya Kiswahili ya kitabu hicho, na nawaomba wachapishaji wetu walifikirie jambo hilo kwa uzito.

Ninasema hivyo kwa sababu suala hili linatuhusu sasa. Mwaka 2012 kamati ya urithi wa dunia ya UNESCO iliridhia kumegwa kwa sehemu ya pori la Selous ili kupisha mradi wa urani wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Sipingi uchimbaji wala siuungi mkono hapa. Ninachodai ni kile walichodai wanawake wale ndani ya bunge la Honda. Kila kipimo cha maji, cha vumbi na cha miili ya wafanyakazi kitakachochukuliwa Namtumbo kibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, pamoja na maelezo ya kiwango kinachokubalika na jina la aliyepima. Na wazee wanaoijua mito ya huko waulizwe kabla wataalamu hawajakamilisha hesabu zao.