Kuhariri filamu: Shule haina karo, ila bando ni lako

NAKASERO, Kampala. Tangazo lilikuwa la sekunde 50. Asali ikimiminwa, mdalasini, bizari, mikono ya dada yangu ikifunga pakiti, halafu namba ya simu ikatokea ndani ya ndimi za moto, maana kijana aliyelihariri anaupenda sana moto. Dada alilipa shilingi 150,000 za Uganda katika chumba kidogo cha ghorofa ya tatu, mwendo wa dakika chache kutoka Soko la Nakasero. Jumatano akalipandisha mtandaoni na kuwatumia wateja wake wa Busia na Kisumu. Ijumaa, akiwa anapakia mzigo, mmoja akampigia simu: "Mama Asali, mbona tangazo lako ni bubu?"

Lilikuwa bubu kweli. Mtandao ulikuwa umeutambua wimbo uliowekwa chini ya picha, ukaona hauna idhini ya mwenyewe, ukazima sauti yote. Bei za jumla, alizozitaja kwa mdomo na hakuziandika, zikapotea.

Jumatatu nilimsindikiza tukiwa tumejiandaa kwa ugomvi. Kijana alitukaribisha kwa heshima, akavuta viti. "Mama, samahani. Ule wimbo niliukuta tu mtandaoni." Nikamuuliza kazi hii aliisomea wapi. Akagonga kioo cha kompyuta kwa kucha. "Hapa hapa."

Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua eneo hili kwa jambo jingine. Chini ya kilima cha Nakasero ipo Nasser Road, barabara ya wachapaji, ambako wengi wetu tumechapishiwa vitabu vya risiti, lebo za chupa na mifuko yenye jina la duka. Siku hizi mteja akishapata lebo huuliza pia video ya kuweka WhatsApp. Mwenye kiwanda kikubwa hulipia televisheni. Muuza viungo huja kwa vijana kama huyu.

Na vijana hawa wana mtangulizi. Huko Wakaliga, upande wa Nateete wa jiji hili hili, Isaac Nabwana alijifunza mwenyewe kuhariri na kuunda milipuko kwa kompyuta alizoziunga kutokana na vipuri. Mwaka 2010 alitoa "Who Killed Captain Alex?", filamu ambayo gharama yake hutajwa kuwa chini ya dola 200, na ndani yake helikopta zinashambulia Kampala. Helikopta hazikuwapo, zilichorwa ndani ya kompyuta. Waigizaji wenyewe waliuza DVD nyumba kwa nyumba, wakikimbizana na wanakili haramu. Filamu ilipowekwa YouTube mwaka 2015 ilitazamwa na mamilioni, na mwaka 2019 filamu nyingine ya Nabwana, "Crazy World", ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada. Mwaka 2022 kundi hilo la Wakaliga lilialikwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta, mjini Kassel, Ujerumani.

Wakati Nabwana anaanza, kijana asiye na nauli ya kwenda kusoma ng'ambo alibaki na njia moja: kununua programu iliyovunjwa kufuli, iliyochomwa kwenye CD, yenye virusi ndani. Njia hiyo haijafungwa. Kampuni ya Adobe, yenye Premiere na After Effects, mwaka 2013 iliacha kuuza matoleo mapya kwa malipo ya mara moja, ikaanza kutoza kwa mwezi, na malipo ya kila mwezi kwa mtu ambaye mwezi mwingine hapati kazi hata moja ni mzigo. Ndiyo maana wengi huendelea na programu za wizi.

Lakini sasa hawana ulazima huo, na hili ndilo kijana wetu alilitumia muda mrefu kutueleza. Anahariri kwa DaVinci Resolve, ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia. Toleo lake la bure linakata picha, linasahihisha rangi, linachanganya sauti, wala halibandiki nembo yake juu ya kazi yako. Toleo la kulipia ni dola 295, mara moja. Moto wake anautengeneza kwa Blender, programu iliyozaliwa Uholanzi. Mwaka 2002 watumiaji wake walichanga euro 100,000 kuikomboa mikononi mwa wawekezaji, na tangu hapo ni mali ya kila mtu. "Flow", katuni kutoka Latvia iliyotwaa tuzo ya Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender. Kwa hiyo kijana wa Nakasero na mshindi wa Oscar wanatumia nyundo moja.

Walimu nao wako mtandaoni. Mmarekani Andrew Kramer, wa Video Copilot, kwa miaka mingi amefundisha bila malipo namna ya kutengeneza mlipuko, moshi na mwali wa bunduki, hatua moja baada ya nyingine. Masomo mengi ya aina hii ni ya Kiingereza. Kijana anayafuata kwa macho zaidi ya masikio: anasimamisha, anarudisha nyuma, anajaribu.

Kila anaporudisha nyuma, kuna anayelipia. Saa moja ya video kwa ubora wa 480 hula takriban nusu ya GB, na kwa ubora wa 1080 huweza kupita GB 1 na nusu. Hapa Uganda, tangu Julai 2021, kila bando lina kodi ya asilimia 12 ndani yake, iliyochukua nafasi ya ile shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Kijana hupakua masomo usiku bando likiwa rahisi, kwa ubora wa chini, na huyahifadhi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ni kuanza upya. Tena Resolve haiendi kwenye kompyuta dhaifu. Inataka kadi nzuri ya picha na kumbukumbu ya kutosha. Hapa ndipo wanaoleta kompyuta zilizotumika kutoka Dubai wanapopata soko. Kwa hao, neno moja: ushuru wa forodha wa Jumuiya kwa kompyuta ni asilimia 0, lakini ile hati rahisi ya uasili wa bidhaa, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni ya bidhaa zilizotoka ndani ya Afrika Mashariki. Kompyuta ya Dubai haiingii humo hata ukiinunulia Kampala.

Turudi kwenye wimbo. Kosa la kijana halikuwa kuchukua kitu mtandaoni, bali kutosoma kilichoandikwa chini yake. Ipo hazina ya sauti iitwayo Freesound, iliyoanzishwa mwaka 2005 na chuo kikuu kimoja cha Barcelona: mvua, injini, soko, ngoma, vyote bure. Lakini kila sauti ina sharti lake. Nyingine unatumia utakavyo, nyingine lazima umtaje aliyeirekodi, na nyingine ni marufuku kwa shughuli za biashara. Tangazo la asali ni biashara. Vivyo hivyo nyimbo zilizomo ndani ya programu za kuhariri kwa simu kama CapCut: kinachoruhusiwa kwenye video ya harusi huenda kisiruhusiwe kwenye tangazo la duka. Mteja unayelipa una haki ya kuuliza: sauti hii umeitoa wapi, na sharti lake ni lipi? Dada hakuuliza, nami nisingeuliza.

Anayetaka kuuza filamu yenyewe ataulizwa zaidi. "The Girl in the Yellow Jumper" ya Loukman Ali, filamu ya kwanza ya Uganda kuingia Netflix, ilifika huko mwishoni mwa 2021, na majukwaa ya aina hiyo hudai uthibitisho wa haki za kila kitu, muziki ukiwamo. Uganda yenyewe ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006.

Kijana alijitolea kulirudia tangazo bila kuongeza bei. Alishuka na simu hadi sokoni, akarekodi makelele ya wauzaji wa nyanya na wapakuzi wa matoke, akamrekodi dada akitaja bei kwa Kiswahili, kwa sababu Kisumu, Mwanza na Goma wote watamwelewa. Bei zikaandikwa pia kwenye picha. Muziki hakuweka.

Kabla hatujaondoka nilimwomba dada adai nakala ya kazi nzima, pamoja na picha zote zilizopigwa. Nabwana aliifuta "Captain Alex" ya awali ili kompyuta ipate nafasi ya filamu iliyofuata. Inayotazamwa leo duniani ni nakala iliyobaki, yenye sauti ya mtangazaji, VJ Emmie, juu yake, na ile isiyo na sauti hiyo haipo tena. Kijana hakuwa na diski ya ziada. Dada akatoa flashi mbili kwenye mkoba, moja akabaki nayo, nyingine akamwachia.

Tangazo lilirudi mtandaoni Jumatano iliyofuata, na mteja wa Kisumu amelisikia. Moto umebaki vilevile.