Mwalimu Mpya, Semina ya Likizo na Mtoto Aangukaye Darasani

Mwezi Juni shule zinapofungwa wengi wetu hudhani kwamba mwalimu naye amefunga begi na kwenda kwao kupumzika. Likizo ya Juni iliyopita sisi wauguzi wawili wa hospitali ya misheni tulialikwa hapa Lugoba kuzungumza na walimu waliokuwa kwenye semina. Tulitengewa saa moja tu, kati ya chai ya saa nne na kipindi cha hisabati. Tuliwakuta watu wazima wamejibana kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti juu, madaftari mapajani. Nje, barabara ya Segera haikutulia: kila lori la kokoto lilipopita ilitubidi tunyamaze mpaka lipite.

Wengi wao walikuwa walimu wapya, wako katika ajira yao ya kwanza. Tukawaeleza habari za usafi wa vyoo, minyoo, malaria na chakula cha mchana, kama tulivyozoea. Tulipouliza kama kuna mwenye swali, walituuliza mawili matatu ya heshima, wakapiga makofi, tukaanza kukusanya vitu vyetu.

Tulipofika nje akatufuata binti mmoja aliyekuwa ameketi nyuma kabisa. Alikuwa na miezi mitano tu kazini. "Shikamooni mama zangu," akasema. "Naomba kuuliza. Mtoto akianguka kifafa darasani, mwalimu afanye nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukuuliza ndani?"

Akatazama chini. "Kwa sababu mimi nilikimbia."

Habari yake tunaisimulia kwa ruhusa yake, na jina la shule tunaliacha. Mwezi Machi alikuwa akifundisha darasa la nne. Mvulana mmoja akatoa sauti ya ajabu, akaanguka, akaanza kutupa mikono na miguu. Wenzake wakapiga kelele, "Msimguse, mate yake yanaambukiza!" Wakatoka kwa mlangoni na kwa madirishani, na mwalimu pamoja nao. Waliporudi na mwalimu wa zamu, mtoto alikuwa amejigonga kwenye mguu wa dawati na paji la uso limepasuka. Ndipo mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, akaleta kijiko akakilazimisha katikati ya meno. Jino la mbele likavunjika. Mama yake alipoitwa hakushangaa. Alisema, "Huwa inamtokea, tangu ana miaka sita." Pale shuleni hakuna aliyekuwa amewahi kuambiwa. Mtoto hakurudi tena shule muhula ule.

"Chuoni tulisoma saikolojia ya mtoto," yule binti alituambia, "lakini mtoto aliyelala sakafuni anatetemeka hakuwemo."

Basi tukarudi ndani, tukamwomba msimamizi wa semina nusu saa nyingine. Hisabati ikasubiri. Yaliyosemwa katika nusu saa ile ndiyo tunayotaka nanyi wazazi muyasikie, maana kifafa hakichagui kumwangusha mtoto shuleni tu.

Mtoto akianguka, jambo la kwanza ni kukaa naye. Tazama saa, kwa kuwa dakika moja ya kifafa huonekana kama robo saa, na daktari atataka kujua ukweli. Sogeza madawati, mawe, jiko, chochote kigumu au cha moto. Mwekee kitu laini chini ya kichwa, hata sweta la mwenzake. Legeza kola na mkanda. Usimkandamize ili aache kutetemeka, hataacha kwa nguvu zako, na unaweza kumteguza bega. Usitie kitu chochote mdomoni: si kijiko, si kijiti, si kidole. Mtu hawezi kumeza ulimi wake. Anachoweza ni kuvunjika meno, au kukung'ata wewe. Mtetemeko ukipungua, mlaze kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke nje yasiingie mapafuni. Usimpe maji wala dawa ya kunywa mpaka awe na fahamu kamili. Atakuwa amechoka, labda amejikojolea. Mfunike kitenge, watoto wengine watolewe nje kwa utaratibu, na abaki mtu mmoja anayemfahamu ili akiamka aone uso anaoujua.

Mara nyingi hali hii hukoma yenyewe ndani ya dakika mbili au tatu. Ikizidi dakika tano, au ikirudi kabla hajapata fahamu, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, au ameumia, au ameangukia majini, hapo ni hospitali bila kungoja.

Na yale mate? Hayaambukizi. Kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa povu, kwa mkojo wala kwa kumshika mgonjwa. Ni hitilafu ya umeme mdogo unaopita katika ubongo. Wengine hukipata kwa sababu ya taabu wakati wa kuzaliwa, wengine kwa kuumia kichwa, kwa homa ya uti wa mgongo, kwa malaria iliyopanda kichwani, au kwa mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika kwenye ubongo. Kwa wengi sababu haijulikani.

Hapa kwetu pwani jambo hili huchanganywa na degedege. Mwaka 1996 watafiti walichapisha uchunguzi wao kuhusu degedege katika wilaya hii hii ya Bagamoyo. Waliona jinsi wazazi walivyolihesabu kuwa ugonjwa wa pekee, mbali na malaria, na jinsi tiba za kienyeji zilivyotangulia hospitali. Sisi tuliokuwa wauguzi wachanga miaka ile hatukuhitaji kuambiwa. Tuliwapokea watoto wananuka moshi wa kinyesi cha tembo waliofukiziwa, na bibi akitusihi tusiwachome sindano, eti mtoto wa degedege akichomwa hufa. Alikufa kweli, lakini kwa kuwa alifika siku ya tatu. Kwa kawaida degedege humpata mtoto mdogo, chini ya miaka mitano au sita, mwenye homa kali, na mara nyingi huku kwetu homa hiyo ni malaria. Mtoto wa namna hiyo ni wa kupelekwa hospitali saa ile ile. Kifafa hurudi mara kwa mara, bila homa, leo yuko mzima anacheza, kesho anaanguka. Mtoto wa darasa la nne aliyeanguka bila homa, tena si mara ya kwanza, msimwite wa degedege.

Turudi kwenye semina, kwa sababu kuna neno tumelisikia hata baada ya misa: "Walimu hawa kila likizo semina, wanakwenda kula posho." Wazazi wenzetu, tuwatendee haki. Siku hizi yako mafunzo yaitwayo MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo mwongozo wake wa kitaifa ulitolewa mwaka 2020. Walimu hukutana shuleni kwao, kwenye kata na kwenye vituo vya walimu, wakafundishana yanayowashinda. Tena kuna mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, na mwalimu hawezi kufundisha asichokijua. Yule binti alikuwa na hamu ya kwenda kumwona mama yake, ambaye hakumwona tangu alipopangiwa kazi huku. Likizo yake ya kwanza ya mshahara ilikwenda kwenye azimio la kazi, maandalio ya masomo na zana za kufundishia. Sisi tunasema mwalimu naye apewe siku zake za kulala na kuona wazee wake, maana aliyechoka hupiga kabla hajauliza. Lakini semina si mchezo.

Wala si jambo geni. Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya sabini tulifundishwa na walimu wa UPE. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo mwaka 1977, na walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, na kuanzia 1976 wakawa wanafundisha huku wanafundishwa: asubuhi wako darasani na watoto, mchana wanasoma wenyewe kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Mwalimu wetu wa darasa la pili tulimwacha mchana chini ya mwembe na redio ndogo sikioni, anaandika. Watu waliwacheka sana walimu wale. Sisi ndio tuliojifunza kusoma kwao, na vitabu vya uuguzi tulivisoma kwa herufi walizotufundisha.

Neno letu kwa wazazi ni hili. Semina inaweza kumfundisha mwalimu kifafa ni nini. Haiwezi kumfundisha kwamba mtoto wako ndiye mwenye kifafa. Hilo ni la kwako kusema.

Tunajua kwa nini mama yule alinyamaza. Alituambia mwenyewe alipokuja kliniki: aliogopa mtoto atakalishwa peke yake, atapewa kikombe chake, na dada zake hawataolewa. Si hofu ya kubuni. Mnamo mwaka 1960 Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge, mkoani Morogoro. Aliwakuta wagonjwa wamefichwa, na wengi wana makovu ya moto, kwa kuwa walipoangukia mafigani watu waliogopa kuwagusa ili wawavute. Dawa aliyoitumia, fenobabitoni, ni ya bei ndogo na hadi leo ipo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Lakini ni ya kumeza kila siku, kwa kipimo cha hospitali. Mzazi anayeikatisha ghafla kwa kuwa mtoto "amepona" humrudisha mtoto pabaya kuliko alikotoka, anaweza kuanguka mfululizo bila kuamka. Dawa zikikaribia kwisha, njooni kabla hazijaisha.

Mpaka hali itulie, mtoto huyo asiende kisimani au lamboni peke yake, asipande mwembe wala mkorosho, asiachwe na jiko la moto. Shule aende. Mpira acheze.

Kuna kifafa kingine ambacho hata mzazi hakioni, na mwalimu ndiye hukiona kwanza. Mtoto hatetemeki wala haanguki. Anakodoa macho, ananyamaza sekunde chache, kope zinachezacheza, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, ila amepitwa na sentensi nzima. Hutokea mara nyingi kwa siku moja. Mwalimu humwita mwota ndoto, na fimbo hufuata. Tulipoeleza hili kwenye semina, mwalimu mmoja wa kiume, mtu mzima, alishika kichwa akasema, "Nimempiga huyo mtoto mwaka mzima." Hakuna aliyecheka.

Yapo na mengine ya kumwambia mwalimu siku ya kuandikisha. Mwenye sikoseli anahitaji kunywa maji mara nyingi na kutoka kwenda kukojoa bila kugombezwa, asikimbizwe kama adhabu, na akisema miguu inamuuma si mvivu. Akipata homa asingoje kengele ya mwisho. Mwenye pumu asikae karibu na ubao ambako vumbi la chaki humwangukia, nayo dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwake, isifungiwe kabatini ofisini. Hasa huku kwetu kwenye machimbo ya kokoto, vumbi halitungoji. Asiyeona vizuri akae mbele. Mzazi asiyejua kuandika amtume mkubwa wa nyumba na kadi ya kliniki, mwalimu ataisoma.

Yule mvulana alirudi shule Julai, na dawa alikuwa amezianza. Mwalimu wake alikwenda nyumbani kwao kabla ya kufungua, akamwomba mama msamaha kwa kukimbia, na mama naye akaomba msamaha kwa kutosema. Walikubaliana akae dawati la pili, mbali na dirisha. Darasa zima likaonyeshwa namna ya kumlaza mtu kwa ubavu. Watoto waliupenda mchezo huo kupita kiasi, kwa muda wa wiki moja kila mmoja alitaka awe mgonjwa.

Mwezi Septemba akaanguka tena, mara moja. Mama alipomleta kliniki alikuja na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mwalimu. Ilikuwa imeandikwa: "Alhamisi, saa 3.20 asubuhi. Mkono wa kulia ulianza kwanza. Dakika mbili na nusu. Hakuumia. Alilala, akaamka saa nne kasoro kumi, akaomba uji." Daktari aliisoma mara mbili, akaongeza dawa kidogo, na karatasi akaibandika ndani ya faili.