Nyama ya mamba: ubao ni hatari kuliko nyongo



Nyama ya mamba inafika mara kwa mara katika masoko yetu, pamoja na samaki wa Bukama na wa maziwa ya Upemba, au wa Kasenga upande wa Luapula. Mara nyingi ni ya moshi, mara chache ni mbichi. Wengine hawaigusi kwa sababu ya mwiko wa jamaa yao, na si kazi ya dispansere kuwagombeza. Lakini wale wanaoikula wanatuuliza swali lile lile siku zote: «Munganga, nyongo yake inaua?» Juu ya ubao wa kukatia nyama hawaulizi kitu.

Tuanze na nyongo, maana maneno yake yameharibu jamaa nyingi. Katika mwezi wa Januari 2015, kule Chitima katika inchi ya Mozambique, watu 75 walikufa kisha kunywa pombe ya mahindi kwenye matanga. Mara moja watu walisema: kuna mtu aliyetia nyongo ya mamba. Wataalamu walipopima, walikuta sumu iliyotengenezwa na mikrobi katika unga wa mahindi uliopikiwa pombe ile. Nyongo haikuhusika. Basi kama nyongo inapasuka wakati wa kupasua mnyama, kateni sehemu iliyochafuka muitupe, kwa kuwa ni chungu sana. Lakini musimshitaki jirani. Tena unga uliolowa maji na kuota ukungu, musipike nao bukari wala pombe.

Hatari ya kweli ni mikrobi inayoitwa salmonela. Inakaa matumboni mwa mamba, na yeye mwenyewe haugui. Akipasuliwa, inapakaa nyama, kisu, mikono na ubao. Sasa tazameni: mama anakata nyama, anapangusa ubao kwa kitambaa, kisha anakata juu yake tomati na vitunguu vya kula vibichi. Nyama itakaa motoni na mikrobi itakufa. Tomati haiendi motoni. Jioni baba anasema nyama ya mamba ni mbaya, kumbe nyama haina kosa.

Kwa mtu mzima mwenye nguvu, ni kuhara, homa na tumbo kukata siku chache. Kwa mtoto mdogo, mzee au mama mwenye mimba, inaweza kuwa kubwa. Na kwa mtoto mwenye ugonjwa wa damu wa SS tunaogopa zaidi: salmonela inaweza kutoka matumboni, kuingia katika damu na kufika mpaka ndani ya mifupa. Mkono au mguu unavimba, homa inapanda. Wazazi wanafikiri ni maumivu yake ya kila mara, wanampa kidonge na kungoja. Wasingoje. Mtoto wa SS mwenye homa sherti aonwe na munganga siku ile ile.

Sasa tuje jikoni. Mamba aliyeokotwa amekufa mtoni asinunuliwe, hata kwa bei ndogo. Yule wa mdomo mrefu na mwembamba amekuwa adimu sana, tumwache mtoni. Nyama nzuri ni ya mkia: nyeupe, laini, karibu na ya kuku. Ya miguu ni ngumu, inataka moto mrefu. Ondoeni mafuta yote ya manjano, maana ndiyo yanayoleta harufu nzito. Kule Louisiana, Marekani, ambako wanapika ndugu yake aligeta, nao wanayatupa. Mamba ana tezi za harufu chini ya taya na karibu na njia ya choo. Zitoeni nzima, musizipasue.

Kateni vipande vya vidole viwili. Vichemsheni na chumvi, kitunguu na ndimu, chungu kikiwa kimefunikwa, kwa muda wa saa moja hivi. Pasueni kipande kilicho kinene: kama ndani pana rangi ya damu, rudisheni juu ya mbabula. Kisha kaangeni, mutie tomati, pilipili na mafuta kidogo. Kwa bukari na lengalenga ni chakula kizuri sana, na mwandishi wa ukurasa huu haoni haya kusema hivyo. Lakini mishikaki iliyoungua nje na mibichi ndani, hapana.

Nyama ya moshi inadanganya watu, wanafikiri imekwisha kuiva. Moshi na chumvi haviui kila kitu. Katika mwaka wa 1995, kule Zimbabwe, walikuta ndani ya nyama ya mamba wa kufugwa mnyoo mdogo sana wa jamaa ya ule wa nguruwe, trikinela. Moto unaumaliza. Basi loweka nyama ya moshi katika maji ya moto, mwaga maji yale, kisha ichemshe saa nzima kama mbichi. Yenye utelezi au ukungu itupwe.

Ubao na kisu vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha maji yenye javeli kidogo. Vizuri zaidi ni kukata mboga kwanza, nyama nyuma. Na chakula anachobeba baba kwa kazi ya usiku, kichemshwe tena kabla ya kukifunga.

Mtu akianza kuhara, mpeni maji haya: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo. Mtoto wa ziwa aendelee kunyonya. Kama kuna damu chooni, homa kali, au mtoto hawezi kunywa, mleteni dispansere, hata usiku wa manane.