Windows haioni diski? Usikimbilie kununua nyingine

Tangu Microsoft iache kutoa huduma za kawaida kwa Windows 10 hapo Oktoba 14, 2025, ofisi zinazotunza ankara, hati za forodha na hesabu za mizigo kwenye kompyuta zina sababu ya kuhamia Windows 11. Katika kazi hiyo huweza kutokea jambo la kutia hofu: unafika mahali pa kuchagua diski, unakuta orodha ni tupu. Mwenye ofisi huambiwa diski imekufa, anunue nyingine. Mara nyingi diski ni nzima kabisa.

Kwa nini haionekani

Windows huifikia diski kwa kutumia programu ndogo iitwayo draiva. Kazi yake haiko mbali na ya dereva wa lori: asipokuwepo, mzigo hauondoki hata kama gari ni zima.

Tatizo hili si geni. Wakati wa Windows XP, fundi alilazimika kubonyeza F6 na kuingiza disketi yenye draiva. Siku hizi hutokea zaidi kwenye kompyuta za mkononi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, ambazo huiweka diski chini ya mpangilio uitwao VMD. Hutokea pia kwenye mashine zenye RAID, yaani diski mbili au zaidi zilizounganishwa zifanye kazi kama moja.

La kufanya

1. Kwanza ingia kwenye BIOS. Kama diski haionekani hata humo, kagua nyaya au mwite fundi. Kama inaonekana, kinachokosekana huenda ni draiva tu.

2. Kwa kutumia kompyuta nyingine, ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine yako, andika modeli yake, kisha pakua draiva ya Intel Rapid Storage au ya RAID.

3. Fungua kifurushi hicho na unakili mafaili yake kwenye flashi. Hapa ndipo wengi hukwama: faili linaloishia na .exe halisomwi hatua hii. Panatakiwa faili linaloishia na .inf pamoja na wenzake.

4. Rudi kwenye ukurasa wa kuchagua diski, bonyeza Load driver, chagua flashi. Diski ikitokea, endelea.

Tahadhari

Wapo wanaotumia njia ya mkato ya kuzima VMD au kubadilisha RAID kuwa AHCI ndani ya BIOS. Kwa mashine mpya isiyo na kitu, yenye diski moja, njia hiyo hufaa. Kwa mashine yenye kazi zako, Windows iliyomo inaweza kugoma kuwaka na kuonyesha maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Likikupata hilo, usifute kitu. Rudisha mpangilio ulivyokuwa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, unaweza kudaiwa namba ya siri yenye tarakimu 48, hivyo itafute kabla ya kuanza.

Kwenye RAID hatari ni kubwa zaidi. RAID 0 hugawa kila faili katika diski zote, kwa hiyo ikipotea moja, vyote vimepotea. RAID 1 huweka nakala ileile kwenye diski mbili. Usikubali fundi avunje mpangilio huo au aunde mwingine kabla hujahamisha mafaili yako.

Wala RAID 1 isikupe usingizi. Faili likifutwa kwa bahati mbaya hufutika kwenye diski zote mbili, na virusi navyo huingia kote. Weka nakala ya ankara na hati zako kwenye diski ya nje, na uihifadhi nje ya ofisi. Kompyuta inanunulika, hati za shehena iliyokwama mpakani hazipatikani dukani.