Memento: Filamu ya Mtu Anayeishi kwa Karatasi

Filamu inaanza na mkono ulioshika picha ya maiti. Mkono unaitikisa picha hiyo, nayo badala ya kukolea inafifia, mpaka inabaki karatasi nyeupe. Mtazamaji amekwisha kuonywa kwamba humu mambo yanakwenda kinyumenyume.

Memento ni filamu ndefu ya pili ya Christopher Nolan. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Venice mwaka 2000, na msingi wake ni hadithi ya mdogo wake, Jonathan. Leo Nolan anafahamika hata kwa wasiofuatilia sinema, hasa baada ya Oppenheimer kumpatia tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora mwaka 2024. Wakati ule alikuwa na miaka 30 na jina lake lilijulikana kwa wachache.

Mtu anayetaka kuitazama Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, huenda akaipata kwenye simu ya rafiki kuliko kwenye kibanda cha video. Vibanda hupenda filamu zilizotafsiriwa, zile ambazo sauti ya Kiswahili hupita juu ya mazungumzo ya wahusika, kazi iliyompa Lufufu umaarufu wake. Watafsiri wa aina hiyo wana desturi ya kumweleza mtazamaji mapema nani adui na nani rafiki. Kwa filamu hii desturi hiyo ingekuwa balaa. Nolan amezipanga sehemu za rangi kutoka mwisho kuelekea mwanzo, ili kila tukio linapofunguka mtazamaji asijue kilichotangulia, sawasawa na mhusika mkuu mwenyewe. Anayezivumilia dakika za mwanzo za kuchanganyikiwa (na ni vema avumilie, bila kumuuliza jirani) anapata kitu ambacho vitabu vya tiba hutoa kwa shida. Kwa muda mfupi amekaa ndani ya kichwa cha mgonjwa.

Mgonjwa huyo ni Leonard Shelby, aliyekuwa mpelelezi wa kampuni ya bima. Usiku mmoja nyumba yake ilivamiwa, mkewe akashambuliwa, naye akaumizwa kichwani. Anayakumbuka maisha yake ya kabla ya usiku ule, lakini jambo jipya halikai. Baada ya dakika chache limepotea. Anamsaka muuaji wa mkewe kwa msaada wa picha za Polaroid alizoziandikia maneno, vipande vya karatasi, na maandishi ya wino yaliyochanjwa mwilini mwake.

Hali hii haikubuniwa na watu wa sinema. Mwaka 1953, huko Hartford nchini Marekani, daktari wa upasuaji William Scoville alimpasua kijana wa miaka 27, Henry Molaison, ili kumtibu kifafa. Alimwondolea sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, ambayo kazi yake ni kuyapokea ya leo na kuyaweka akiba kwa ajili ya kesho. Kifafa kilipungua, lakini mpaka alipofariki mwaka 2008 Henry aliwaona watafiti waliomhudumia kwa miaka mingi kama wageni. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Katika siku tatu Henry alizidi kuwa hodari, ingawa hakukumbuka kwamba amewahi kuifanya kazi hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1911, Édouard Claparède wa Geneva alikuwa ameandika habari za mwanamke mgonjwa aliyechomwa na pini iliyofichwa kiganjani mwa daktari walipokuwa wakisalimiana. Baadaye tukio lile alilisahau, lakini alisita kumpa daktari mkono. Mikono yao iliendelea kujifunza baada ya kumbukumbu kukatika.

Filamu inaujua ujuzi huu na inaonyesha unavyoweza kutumiwa vibaya. Leonard husimulia habari za Sammy Jankis, mteja wa bima aliyepoteza kumbukumbu, ambaye alipimwa kwa vitu vyenye umeme na hakujifunza kuviepuka. Kwa hiyo Leonard aliamua kwamba tatizo lilikuwa la nafsi, si la mwili, na kampuni ikakataa kulipa. Mke wa Sammy, mgonjwa wa kisukari, akashindwa kujua kama mumewe anajifanya. Akaamua kumjaribu. Akawa anarudisha nyuma saa yake na kumwomba amdunge insulini, tena na tena. Sammy alimdunga kila mara kwa uangalifu na upendo, mpaka mama yule akapoteza fahamu. Mkono ulikumbuka namna ya kudunga, lakini hapakuwa na kumbukumbu ya kwamba amekwisha kudunga.

Lipo jambo moja ambalo daktari angelipinga. Leonard anaikumbuka kwa uwazi sura ya mkewe mpaka muda ule ule aliopigwa. Mtu aliyeumia vibaya ubongo kwa kawaida hupoteza pia dakika au saa zilizotangulia ajali, na mara nyingi hazirudi.

Kwa wahudumu wa Iramba jambo hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Barabara kuu ya Singida na Nzega inapita Misigiri na kuteremka Mlima Sekenke, na bodaboda zimejaa hata njia za vijijini. Majeruhi wa kichwa hataweza kumweleza daktari alizimia kwa muda gani, wala kama alitapika au alipata degedege njiani. Anayejua ni aliyemwokota. Yule asipoulizwa mlangoni, na majibu yake yasipoandikwa kwenye karatasi ya rufaa pamoja na saa, habari hiyo imekwenda kama picha ya mwanzo wa filamu.

Si kila anayesahau ameumia kichwa. Malaria kali, sukari iliyoshuka, homa ya uti wa mgongo na pombe vyote huweza kumfikisha mtu huko, na kipimo cha sukari na cha malaria hakipaswi kusubiri maelezo ya ndugu. Mtu aliyekunywa kwa miaka na kula kidogo, akifika amechanganyikiwa, macho yakicheza na miguu ikiyumba, ahitaji thiamini kwa sindano bila kukawia. Kama anahitaji glukosi pia, thiamini iende nayo au itangulie, ila sukari iliyoshuka isicheleweshwe kutibiwa. Akiachwa, anaweza kubaki na ugonjwa uliopewa jina la Mrusi Sergei Korsakoff, ambamo mgonjwa hulijaza pengo la kumbukumbu kwa visa visivyotokea. Ndugu humwita mwongo. Hadanganyi, anayaamini anayoyasema.

Wengine wanapougundua upungufu huo, huutumia. Karani wa nyumba ya wageni anampangisha Leonard vyumba viwili. Natalie anazificha kalamu zote nyumbani, anamtukana mpaka anampiga, kisha anatoka nje na kungoja garini mpaka asahau, halafu anarudi na kusema kwamba kapigwa na mwanamume mwingine. Leonard anahangaika kutafuta kalamu huku jambo likimponyoka; hakuna tukio linalotisha zaidi katika filamu nzima. Katika wilaya ya wakulima wa alizeti si vigumu kuwaza mgonjwa kama huyo akitiwa dole gumba mara mbili kwenye karatasi za shamba moja.

Leonard huamini maandishi ya mkono wake tu. Lakini chini ya picha ya Teddy, anayejiita rafiki yake, ameandika onyo asiamini uongo wake, bila tarehe na bila sababu. Anapolisoma hawezi kujua aliliandika kwa hasira au kwa ushahidi, na filamu inapofika mwisho mtazamaji anajua kwa nini hilo ni hatari.

Mgonjwa wa namna hii nyumbani anahitaji daftari moja, si vikaratasi. Kila dawa iandikwe siku, saa, jina la aliyempa na sababu yake, na ndugu mmoja aliyechaguliwa asaini pembeni. Insulini asijidunge peke yake. Muuguzi ajitambulishe upya kila aingiapo, hata mara kumi kwa siku, bila kumuuliza kama anamkumbuka. Na kalamu ifungwe kwa uzi kwenye daftari hilo.