Kijiji Kinachohesabu Mwezi

Wasomaji wetu wa milima ya Tarime, na wa Mugumu na Ikoma katika Serengeti, huwajua dagaa wakiwa wamekwisha kukauka, wakipimwa kwa kopo sokoni. Walakini wachache wamepata kuona jinsi wanavyokaa wale wanaowavua. Basi leo twashuka hata Shirati, kijiji kilicho karibu na Ziwa Victoria, na mwalo wa jirani uitwao Sota.

Shirati si mahali pageni katika habari za nchi. Wajerumani walikuwa na boma huko kabla ya Vita Kuu ya mwaka 1914. Mwaka 1934 wamisionari wa Kimennonite walianzia hapo kazi yao katika nchi hii, na hospitali iliyotokana nayo ingali ikipokea wagonjwa. Zamani Shirati ilikuwa katika wilaya ya Tarime; tangu mwaka 2007 imo katika wilaya ya Rorya. Wenyeji wengi ni Wajaluo. Hulima mtama, mihogo na mahindi, hufuga ng'ombe, na huvua. Ndizi na mahindi ya Wakurya huteremka kutoka milimani, na samaki hupanda kutoka ziwani. Kila upande wamhitaji mwenzake.

Jambo limshangazalo mgeni ni hili: watu wa mwaloni hawahesabu siku kwa juma tu, bali kwa mwezi ulio mbinguni. Maana dagaa huvutwa na nuru. Usiku wa giza wavuvi huzielesha taa zao juu ya maji; zamani zilikuwa karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za betri. Dagaa hukusanyika penye mwanga, ndipo wavu huwazunguka. Ukisimama ufukoni usiku kama huo utadhani mji mkubwa umejengwa majini. Lakini mwezi ukipevuka, nuru yake huenea ziwani pote, na taa hazina kazi tena. Hapo mitumbwi huvutwa nchi kavu, na kwa muda wa juma moja au zaidi watu hushona nyavu, huziba mitumbwi inayovuja, na kungoja.

Kwa sababu hiyo tabia ya kijiji hugeuka kila mwezi. Siku za giza, alfajiri huwa na shangwe. Mitumbwi yafika, akina mama wabishana bei kwa ndoo, kisha dagaa huanikwa juani. Mvua ikinyesha mchana ule, kazi ya usiku mzima huweza kuoza. Fedha huonekana, na pombe huonekana pamoja nayo. Wako wavulana ambao siku hizo huona kalamu ni nzito kuliko kasia, na mahali pao darasani hubaki patupu. Kisha mbalamwezi hutoka, na yule aliyewanunulia rafiki zake vinywaji juzi, leo huja kwa jirani kukopa unga.

Walakini si wote walio hivyo. Akina mama wenye busara hawauzi dagaa wote siku ile ile. Huwakausha vema juu ya vichanja, mbali na mchanga, wakaweka sehemu ndani ya magunia. Mbalamwezi ikifika na samaki wakiadimika, huyafungua, na bei ni njema. Huo ndio ada ya shule na sabuni ya nyumba. Wazee walisema, akiba haiozi. Na huko Sota neno hili laonekana kwa macho.

Tena ziwa lenyewe limekwisha kutufundisha. Zamani samaki aliyependwa kuliko wote alikuwa ngege. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza mmoja, Michael Graham, alilichunguza ziwa, akashauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5, ili samaki wadogo wapate kukua na kuzaa. Lakini ngege walipopungua, wengi walitwaa nyavu za macho madogo, wakavua hata watoto wake. Baadaye sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka mno katika miaka ya 1980, akameza samaki wa namna nyingi. Leo ngege ni adimu ziwani, na wazee humtaja kama mtu aliyehama.

Basi, ninyi wazazi na walimu, kijiji hiki kidogo kina swali kwetu sote, hata sisi tusiovua. Mkulima naye ana giza lake na mbalamwezi yake: ni mavuno na njaa. Mwenye mshahara ana mwanzo wa mwezi na mwisho wake. Tusiwaulize watoto wetu tu wamepata nini leo. Tuwafundishe pia kuuliza, kimebaki nini cha siku ambayo taa hazitafaa kitu?