Kenya: Mukawa, wigo wa maua unaovumilia ukame

Katika maeneo makavu ya kusini mashariki mwa Kenya, mwenye nyumba anayetaka wigo wa kijani, wenye maua na usiohitaji kumwagiliwa kila siku, hana haja ya kuagiza mche kutoka ng'ambo. Kichaka cha mukawa kiko porini karibu naye. Hata hivyo, katika pori hilohilo huota mti unaofanana nao, ambao kwa vizazi vingi umetumika kutengenezea sumu ya mishale.

Mukawa ni jina linalotumiwa na Wakamba na Wakikuyu. Wamaasai, wanaoishi Kenya na Tanzania, huuita olamuriaki, nao Wajaluo huuita ochuoga. Kwa wanasayansi ni Carissa spinarum, ingawa vitabu vingi vingali vinatumia jina la Carissa edulis. Kichaka hiki huota kuanzia Afrika hadi Asia na Australia.

Kwa nini unastahimili ukame

Majani ya mukawa ni madogo, magumu na yenye kung'aa, mfano wa ngozi iliyopakwa mafuta. Umbile hilo hupunguza maji yanayopotea kwa jua na upepo, hivyo kichaka hakipukutishi majani yake wakati nyasi zinapokauka. Maua yake hutokea kwa vishada kwenye ncha za matawi: petali tano, nyeupe kwa ndani na za waridi kwa nje, zenye harufu nzuri inayosikika kwa mbali.

Baada ya maua huja matunda madogo ya mviringo, ambayo hugeuka kutoka kijani hadi wekundu na hatimaye rangi ya zambarau inayokaribia weusi. Yakiiva huwa matamu, na watoto wachungaji huyala wakiwa malishoni. Mizizi yake nayo huchemshwa pamoja na supu ya nyama, hasa miongoni mwa Wamaasai.

Namna ya kuupanda

Mbegu hutolewa katika matunda yaliyoiva, huoshwa na kuoteshwa zingali mbichi, kwani zikikaa muda mrefu hupoteza uwezo wa kuota. Miche hutunzwa kitaluni hadi iwe na nguvu, kisha huhamishiwa shambani mwanzoni mwa mvua. Katika nchi ya Wakamba, mvua za vuli, za kati ya Oktoba na Desemba, ndizo zinazotegemewa zaidi kuliko za masika.

Kwa wigo, miche hupandwa katika safu mbili zilizopishana, kila mche ukiwa umbali wa nusu mita hadi mita moja kutoka mwenzake. Shimo huchanganywa samadi iliyooza, na shina huzungukwa na matandazo ya nyasi kavu ili kutunza unyevu. Ustahimilivu wa ukame hauanzi siku ya kupandwa: katika kiangazi cha kwanza mche huhitaji kumwagiliwa mpaka mizizi ishuke chini. Aidha, lazima ukingwe dhidi ya mbuzi, ambao hupenda majani yake machanga.

Wigo hukua polepole. Kupogoa hufanywa baada ya matunda kwisha, kwa kuwa anayekata ncha za matawi mapema huondoa maua ya msimu huo.

Mwiba ndio utambulisho

Mti unaofanana na mukawa ni msunguti, ambao Wakamba huuita kivai na wanasayansi huuita Acokanthera schimperi. Miti hii miwili ni ya ukoo mmoja. Yote miwili ina majani magumu ya kijani yanayokaa mawili mawili, maua meupe yenye waridi na harufu tamu, matunda ya zambarau na utomvu mweupe kama maziwa.

Msunguti una kemikali iitwayo wabaini, iliyotengwa mwaka 1888 na mwanakemia Mfaransa, Léon-Albert Arnaud. Kemikali hiyo huzuia utaratibu unaosawazisha sodiamu na potasiamu katika chembe za mwili, na moyo hupoteza mdundo wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki hutafuna gome la msunguti na kujipaka mate hayo kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa wanaomuuma huugua, na wengine hufa.

Tofauti iliyo rahisi kuiona ni miiba. Mukawa una miiba mikali na imara matawini, wakati mwingine iliyogawanyika mara mbili. Msunguti hauna mwiba hata mmoja. Aidha, majani ya msunguti kwa kawaida ni makubwa zaidi, na huishia kwa ncha kali inayochoma.

Kwa sababu hiyo, anayechimba miche porini au kuinunua anashauriwa asitegemee maua wala harufu. Mche usio na miiba uachwe, hata kama muuzaji anauita mukawa, na matunda yasichumwe kwenye tawi lisilo na miiba. Watoto nao wafundishwe kutafuta mwiba kabla ya kula tunda. Mtu aliyekula sehemu ya mti unaoshukiwa kuwa msunguti apelekwe hospitali mara moja, pamoja na tawi la mti huo, ili wahudumu wa afya waweze kuutambua.